Muhuri wa Sajenti Casilda

Zilikuwa zimebaki dakika kumi saa sita ya mchana itimie, tarehe ishirini na nne Januari, na jiji zima la La Paz lilikuwa limemiminika kwenye maonyesho ya Alasita kujinunulia mwaka wake. Nyumba ya ukubwa wa kiberiti, gari la kukaa kiganjani, shahada ya chuo kikuu yenye upana wa vidole viwili. Unanunua, mganga anaifukiza moshi na kuinyunyizia pombe saa sita kamili, na kabla mwaka haujaisha kitu chenyewe kinakujia kwa ukubwa wake. Ndivyo wanavyoamini, na wasioamini nao hununua, wasije wakajuta.

Chini ya hema la polisi alikaa Sajenti Casilda Ticona, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, sare yake ya kijani imepigwa pasi ikapigika, nywele amezibana kisogoni. Mezani pake palikuwa na daftari la watoto waliopotea, daftari la vitambulisho vilivyopotea, na muhuri wa kituo wenye mpini wa mbao. Kwa miaka kumi na mmoja kazini hajawahi kugonga muhuri ukakaa upande. Wenzake walimtania kwamba hata chafya huwa anaiandikia ripoti.

Mara akatokea kijana mrefu anakimbia, aproni imejaa wino, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha.

"Afande, nisaidie. Nimepotelewa."

"Na nini?"

"Muhuri."

Casilda akachukua kalamu. "Muhuri wa ofisi gani?"

"Ofisi yangu. Mimi ni msajili wa ndoa."

Alimtazama kuanzia viatu vyenye matope hadi kwenye nywele zilizosimama. "Wewe? Msajili wa ndoa?"

"Wa Alasita, afande. Kile kibanda pale chenye maua ya njano. Nafungisha ndoa za mwaka mmoja mmoja, vyeti nachapa mwenyewe. Jina langu Efraín Quisbert. Nina foleni ya watu arobaini wanataka kuoana saa sita, na cheti bila muhuri si cheti. Niazime huo wako."

"Huu ni wa serikali. Ukiutaka, kawe serikali kwanza."

"Itachukua muda kidogo."

"Basi jaza fomu."

Efraín alicheka, kicheko cha mtu aliyezoea kuomba radhi kwa kucheka. Akageuka kwa mama muuza chakula aliyekuwa jirani na hema, akamwomba kiazi kibichi, akakikata nusu, akatoa kisu kidogo mfukoni. Mbele ya macho ya Casilda akachonga ua, nyota na duara kuzunguka. Dakika nne hazikuisha, muhuri ulikuwa tayari. Akambusu yule mama kwenye kofia na kurudi mbio kwa maharusi wake.

Casilda alijikuta amesimama, anachungulia juu ya vichwa vya watu.

Kengele za makanisa zikaanza kulia saa sita. Moshi ukapanda, watu wakainua vijumba vyao juu, waganga wakanyunyiza. Katikati ya kelele hiyo Efraín akarudi tena, safari hii ameshika kijikaratasi kati ya vidole viwili. Nyuma yake foleni ilikuwa inamzomea.

"Afande Ticona," alisema, jina kalisoma kwenye kifua cha sare. "Hiki kimoja kiazi hakikitoshi. Bibi harusi wake ni mtu wa serikali."

Casilda akasoma. Ilimbidi akisogeze karibu na pua. Bwana harusi, Efraín Quisbert. Bibi harusi, Ticona, na nafasi ya jina la kwanza ilikuwa wazi.

"Una wazimu," alisema.

"Kengele zinamalizika, afande."

Na sijui ni zile kengele, au ule moshi, au lile dole jeusi lililoacha alama pembeni ya karatasi. Sajenti Casilda aliangua kicheko mpaka machozi yakamtoka, akaandika jina lake, akashika muhuri wa kituo, akagonga.

*

Simu ilianza jioni ile ile.

"Mke wangu hajambo?"

"Nani mwenzangu?"

"Mumeo. Una namba zangu nyuma ya cheti, lakini cheti umeniachia mimi, ikabidi nimsumbue askari wa zamu."

"Ulimwambia nini?"

"Nimepoteza mtoto."

"Mtoto gani?"

"Nimemwambia hatujampata bado."

Walikutana Jumapili ya kwanza wakanywa uji wa mahindi meusi na maandazi ya jibini sokoni. Ya pili walipanda gari la kamba linalopita angani mpaka El Alto, mji wa juu mlimani, na kurudi, mara tatu, kwa sababu Efraín alikuwa hajamaliza kuongea. Ya tatu alimpikia. Alikuwa mpishi mbaya, na Casilda alikula vyote. Kufikia Mei, Casilda aliyekuwa akilala na ratiba ya kesho chini ya mto alikuwa analala na simu.

Siku moja Efraín alimwuliza wazee wake wako wapi.

"Sina," alisema Casilda. "Nimelelewa na masista kule Oruro. Nilipofika miaka kumi na minane nikaingia polisi. Kituo ndicho kwetu. Wakinitoa pale, Efraín, sina pengine pa kuitwa mtu."

Alisema hivyo kama mtu anayesema viatu vyake ni namba ngapi, na Efraín hakutania. Alimshika mkono njia nzima.

Mwezi Juni, Jumanne moja, alimpigia. "Mpenzi, kesho usinitafute mchana. Nina shughuli na mama."

"Shughuli gani?"

"Utaijua ikiiva."

Kesho yake jioni Casilda aliitwa na mkuu wa kituo, Meja Hormando Roca, mtu wa nyanda za Beni, mnene, mwenye kufuata kanuni hadi koma. Meja hakumtazama usoni. Alimsogezea barua. Sajenti Casilda Ticona anasimamishwa kazi na atafikishwa mbele ya mahakama ya nidhamu kwa kosa la kughushi cheti cha ndoa kwa kutumia muhuri wa kituo. Adhabu yake ni kufukuzwa jeshini bila kurudi. Mstari wa mwisho ulisema: kielelezo kimewasilishwa kwa mkono na raia Efraín Quisbert.

Aliusoma mstari ule mara tatu. Kisha akatoka nje, akasimama kwenye baridi, akapiga simu.

"Nijibu kitu kimoja tu. Kile cheti ni wewe uliyempelekea Meja?"

"Casilda, mpenzi, ngoja kwanza nikueleze, nili—"

"Ulipeleka, hukupeleka?"

"Nilipeleka. Lakini sikiliza—"

Akakata. Akamfungia namba. Efraín alipokuja mlangoni, jirani aliambiwa aseme amesafiri. Alipokuja tena, jirani alichoka kusema uongo akasema ukweli: yupo, na hataki kukuona. Baadaye Efraín naye akapata barua ya kuitwa shahidi, na barua ilimkataza kuzungumza na mshtakiwa mpaka siku ya shauri. Akaacha kuja. Casilda akachukulia kwamba amekwisha kumaliza kazi iliyomleta, akalia siku nzima, na siku iliyofuata akasugua sakafu ya chumba chake mpaka magoti yakavimba.

*

Shauri lilipangwa Agosti. Wiki moja kabla yake, wakili aliyepewa na jeshi, Luteni Zenteno, alimwita kantini.

"Dada, kesi hii ni nyepesi," alisema akimenya chungwa. "Unasema muhuri uliibiwa. Jamaa alikuja hemani, ukageuka, akagonga. Basi. Wewe unarudi kazini."

"Na yeye?"

"Yeye anakwenda mahakama ya raia. Miaka miwili, mitatu." Zenteno akatema mbegu. "Unamwonea huruma? Si ndiye aliyekuuza?"

Casilda aliyatazama maganda ya chungwa. Aliwaza chumba chake, ile sare iliyotundikwa nyuma ya mlango, ambayo kila asubuhi alikuwa bado anaipiga pasi. Aliwaza pia ule mstari wa mwisho wa barua, na hasira ikampanda. Alikuwa na haki ya kumchukia. Ila kila alipojaribu kujisikia akisema neno "aliiba", alikiona kile kiazi mkononi mwa Efraín. Mwizi wa muhuri hachongi wa kwake.

Siku ya shauri chumba kilijaa. Nyuma ya meza ndefu walikaa maofisa watatu, katikati yao Kanali Eulalia Ibáñez, mwenyekiti, mzaliwa wa La Paz, mwenye nywele nyeupe na miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Meja Roca alikaa upande wa mashahidi, jasho likimtoka ilhali kulikuwa na baridi. Upande ule ule, amevaa koti jeusi la kuazima, mikono imemzidi urefu, alikaa Efraín. Pembeni yake mama yake, Bi Fortunata, sketi za tabaka tano na kofia ya duara kichwani, mgongo umenyooka. Alikuwa amekonda, Efraín. Casilda alijiambia haimhusu.

Mwendesha mashtaka alisimama na kubandika ukutani karatasi kubwa. "Waheshimiwa, hiki hapa. Cheti cha ndoa, majina mawili, tarehe, na muhuri wa Polisi wa Taifa. Cheti kama hiki kingeweza kumdanganya mtu yeyote."

Kweli kilitisha. Muhuri ulionekana mkubwa kama sahani.

"Sajenti Ticona," alisema Kanali, "muhuri huu uligongwa na nani?"

Luteni Zenteno alimkonyeza. Casilda akasimama, mikono kwenye mshono wa suruali.

"Na mimi, afande Kanali."

"Hukuibiwa?"

"Sikuibiwa. Aliniomba muhuri nikamnyima. Baadaye akaleta karatasi moja, nikaigonga mwenyewe, kwa mkono wangu."

Zenteno akafunga faili lake.

"Unajua adhabu yake?"

"Najua."

"Basi kwa nini uligonga?"

Casilda alikuwa amejiandaa na kifungu cha kanuni. Kikamtoka kichwani. "Nilicheka, afande. Miaka kumi na mmoja nilikuwa sijacheka nikiwa kazini. Nilicheka, nikagonga."

Efraín aliinamisha uso kwenye viganja. Mama yake akampiga kiwiko akae sawa.

Kisha Efraín akaitwa. Alipofika mbele aliitazama ile karatasi ya ukutani, akaisogelea, akarudi nyuma.

"Unakitambua cheti hiki?" aliuliza mwendesha mashtaka.

"Hapana."

Watu wakaguna.

"Unakana maandishi yako?"

"Maandishi ni yangu, bwana. Ukubwa si wangu. Mimi sijawahi kuchapa kitu kinachozidi kidole."

Kanali akavaa miwani. "Kielelezo chenyewe kiko wapi?"

Kilikuwa kwenye bahasha, na bahasha ilikuwa na lakiri, na lakiri ilikuwa haijavunjwa tangu Juni. Waliofungua jalada wote walitazama nakala tu, na nakala ilitolewa kwa mashine na karani aliyeikuza ijaze ukurasa, ili isomeke. Kanali akavunja lakiri. Akachungulia ndani. Akaigeuza bahasha na kuikung'uta. Kitu kikatoka, kikapepea, kikaanguka chini ya meza.

"Kimekwenda wapi?" aliuliza ofisa wa kulia, akainama. Wa kushoto naye akainama. Wa tatu kupiga magoti alikuwa mwendesha mashtaka mwenyewe, makalio yake yakiwatazama watu, akipapasa sakafu kwa kiganja.

"Kimenasa kwenye kiatu chako cha kushoto, baba," alisema Bi Fortunata.

Wakakipata. Kanali alikishika kwa ncha za kucha, kijikaratasi kisichotosha kufunika kitufe cha koti lake. Muhuri ulikuwa umekimeza chote. Herufi nne tu za jina la kituo ndizo zilizopata mahali pa kukaa, nyingine zote ziliishia mezani siku ile ya Januari. Kanali alikigeuza nyuma, upande ambao nakala haikuuonyesha, akakisogeza kwenye miwani, akasoma kwa sauti:

"'Bwana atapika Jumapili. Bibi atashinda kila ubishi, isipokuwa wa Ijumaa. Ndoa hii ni ya mwaka mmoja, na ikinoga iongezwe.'" Akamgeukia mwendesha mashtaka, aliyekuwa anajikung'uta magoti. "Hiki ndicho kingemdanganya mtu yeyote?"

Chumba kikaangua kicheko. Ila Kanali hakucheka, na Casilda hakucheka. Lilikuwa limebaki swali moja, lile ambalo lilimnyima usingizi miezi miwili, na Kanali akaliuliza.

"Bwana Quisbert. Kwa nini ulimpelekea mkuu wake?"

Efraín alimgeukia Casilda kwa mara ya kwanza.

"Nilikwenda kuposa," alisema.

Kanali akaweka kalamu chini.

"Sajenti hana baba wala mama. Aliniambia kituo ndicho kwao. Mimi nikasema, kama kituo ndicho kwao, basi mzee wake ni mkuu wa kituo. Nikamchukua mama, tukabeba mkate mtamu, machungwa na majani ya koka ya kutafuna, tukaenda. Na mtu haingii kwa watu akasema haja yake mlangoni. Tukaanza na mvua. Tukaja kwenye mavuno ya viazi. Tukamwulizia Meja hali ya mke wake. Nikaweka cheti mezani kiwe cha kufungulia mazungumzo. Akaona muhuri, akasimama, akatutoa nje. Posa yenyewe sikuwahi kuitamka."

Casilda alishika ukingo wa kiti. 

"Meja Roca," alisema Kanali polepole, "kwenye ripoti yako sioni habari ya mkate."

"Si kielelezo, afande Kanali."

"Uko wapi?"

Meja akakohoa.

"Aliula," alisema Bi Fortunata akisimama na sketi zake zote. "Kabla hajatufukuza. Mikate mitatu, na koka akatafuna. Mimi nilikuwa namhesabia."

"Nilidhani ni zawadi kwa kituo," alisema Meja, shingo nyekundu. "Kwetu Beni, mtu akikuletea mkate, ni mkate."

"Huku kwetu, Meja," alisema Kanali Ibáñez, "anayekula mkate wa posa ameikubali posa. Umemwoza sajenti wako, kisha ukamshitaki kwa kuolewa."

Hapo ndipo alipocheka, yule mama mwenye nywele nyeupe, na miwani ikamwanguka kifuani. Maofisa wake wakacheka. Zenteno akacheka kuliko wote, kama kwamba ushindi ni wake. Walitoka kushauriana na hawakumaliza hata robo saa.

"Kughushi, hakuna," alisoma Kanali. "Kutumia muhuri wa ofisi nje ya kazi, kupo, na Sajenti amekiri mwenyewe bila kulazimishwa. Atapewa onyo la maandishi. Na mahakama hii iingize kwenye kumbukumbu kwamba Sajenti Ticona alikuwa na uongo wa kumwokoa na hakuutumia. Arudi kazini leo hii, na siku zote alizosimamishwa zihesabiwe kama alikuwa kazini."

Wenzake wa kituo waliokaa nyuma walirusha kofia juu mpaka moja ikanasa kwenye taa. Casilda alipiga saluti, mkono umenyooka. Alipoushusha ndipo alipolia, waziwazi, mbele ya kila mtu, na hakuona haya.

*

Efraín alikuwa anamngoja kwenye ngazi za mlango mkubwa, koti la kuazima kalitundika begani. Bi Fortunata alikuwa amejitenga hatua kumi, anatazama upande mwingine kwa bidii.

Casilda alisimama ngazi mbili juu yake.

"Miezi miwili nilikuchukia."

"Najua. Na wakili wako amenikuta hapa. Ameniambia ungeweza kunifunga jela na ukakataa."

"Usijisifu. Nilikuwa nasema kweli tu."

"Ulikuwa unanichukia na bado ukasema kweli?"

"Hasa hasa nilipokuwa nakuchukia." Akafuta mashavu kwa mgongo wa kiganja. "Kwa nini hukuniambia unakwenda kuposa? Neno moja tu, Efraín. Ungesema neno moja."

"Posa haisemwi kwa binti kwanza. Mama angenitoa roho."

"Mimi si binti wa kituo. Ni sajenti wake. Nimejilea mwenyewe, nimejivika mwenyewe hii sare, na leo nimejitetea mwenyewe mle ndani. Meja amekula mkate wako, vizuri, mwoe Meja. Mimi hujaniuliza kitu."

Efraín aliliweka koti juu ya ngazi, akajipangusa viganja kwenye suruali.  

"Sajenti Casilda Ticona," alisema. "Mimi ni mchapaji wa vitu vidogo. Nimekukosea kwa kwenda kwa mtu mwingine kuulizia maisha yako. Sasa nakuuliza wewe. Utanioa? Yaani, utaolewa na mimi? Yoyote kati ya hizo."

Barabarani magari yalikuwa yanapiga honi. Wenzake wa kituo walikuwa wameanza kutoka, Meja Roca miongoni mwao, wote wakasimama nyuma yake ghafla kama waliokatwa miguu. Casilda hakugeuka. Aliivaa kofia yake ya sare, akaiweka sawa kwa vidole viwili, akasimama wima.

"Ndiyo," alijibu, kwa sauti ile ile ya kuitikia jina lake kwenye gwaride, na askari wa zamu mlangoni, kijana mgeni ambaye hakujua lolote, akajikuta amempigia saluti.